Mkono Ule Ule wa Musa

Masomo: Kutoka 2:11-22, Hesabu 20:7-12



Wengi wenu mmeniona nikipita na mfuko wa vitambaa, na wengine mmeuliza kama mchungaji ameacha wito. Sijaacha. Ninajifunza ushonaji. Tangu mwaka 2023, msaada wa chakula kwa wakimbizi hapa Uganda ulipoanza kutolewa kwa kadiri ya uhitaji wa kila familia, na wengine kuondolewa katika orodha, sadaka zimepungua. Siwalaumu. Asiye na unga atatoa nini? Mama watoto akaniambia, "Baba, mikono yako bado ni mizima." Basi nikaingia darasani nikiwa na miaka 46, na anayenifundisha ni binti wa umri wa mwanangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za Musa kwa macho mengine. Tunapenda kuhubiri kijiti kilichowaka moto, lakini tunaipita haraka miaka 40 iliyotangulia. Stefano anatukumbusha katika Matendo 7 kwamba Musa alisomeshwa elimu yote ya Wamisri, na alikuwa na miaka ipatayo 40 alipomwua yule Mmisri akakimbia. Huko Midiani alikuwa mkimbizi kama sisi, hata mwanawe akamwita Gershomu kwa sababu ya ugeni wake. Na kazi aliyoipata? Kuchunga kondoo, tena si wake, ni wa baba mkwe wake. Someni pia Mwanzo 46:34, mtaona kwamba Wamisri walimchukia kila mchunga kondoo. Mtu wa jumba la Farao akajifunza kazi ile ile ambayo watu wa kwao waliidharau!

Lakini angalieni alichokuja nacho. Kule Misri aliona ndugu yake anapigwa, akashindwa kunyamaza. Pale kisimani Midiani akaona wasichana wanafukuzwa na wachungaji, akashindwa tena kunyamaza. Akasimama, akawasaidia, akawanyweshea kundi lao. Ni moyo ule ule na mkono ule ule. Mara ya kwanza uliua mtu, mara ya pili ukanywesha kondoo.

Nasema hivi kwa sababu nasikia wengi wakisema, "Kule Kongo nilikuwa mwalimu, nilikuwa muuguzi, hapa mimi si kitu." Vyeti viliungua, ni kweli. Hata hivyo namjua mama mmoja kati yetu aliyekuwa muuguzi, leo anajifunza kuoka mikate. Hakuna aliyemwambia anawe mikono na kusugua meza kabla ya kugusa unga. Anafanya tu, kama alivyozoea wodini. Namjua mwalimu anayejifunza kutengeneza simu. Kila hatua anaiandika daftarini, na vijana wakikwama humfuata yeye kabla ya mkufunzi. Hayo hayakuungua.

Sasa nije kwangu, maana huwezi kuwachunguza kondoo na kumwacha mchungaji. Nguvu yangu ni kusema. Chuo cha Biblia kilinizoeza kusimama na kueleza, na ninyi mmenizoeza kunyamaza ninaposema. Tabia hiyo kanisani inafaa. Darasani ni ugonjwa. Siku binti yule alipofundisha kuacha nafasi ya mshono wakati wa kukata, mimi nilikuwa nikimweleza jirani yangu jambo jingine kabisa. Baadaye mama mmoja mjane akaniletea kitambaa cha shati la shule la mtoto wake. Nikakata juu ya mstari wenyewe wa vipimo. Nilikuwa na shaka, lakini sikuuliza, nimezoea kuulizwa. Nilipounganisha vipande, shati halikupita mabegani mwa mtoto.

Yule mama alipokuja nikamwambia kitambaa chake kilikuwa kidogo. Huo ulikuwa uongo, ndugu zangu, nami nilimtazama machoni nikiusema. Sikulala. Asubuhi nikaenda kwake nikaungama, kisha nikauza kuku wawili nikanunua kitambaa kingine. Nimeomba ruhusa yake kuandika haya. Shati mtoto analivaa, ingawa kola imepinda kidogo.

Ndiyo maana Hesabu 20 inanitisha. Zaidi ya miaka 70 imepita tangu Musa amwue yule Mmisri. Amechunga kondoo, ameongoza watu jangwani, na Hesabu 12:3 inamshuhudia kuwa mpole kuliko watu wote. Bwana anamwambia auambie mwamba. Yeye anaupiga, tena mara mbili. Maji yalitoka, watu wakanywa na wanyama wao, wala Mungu hakuwanyima kwa ajili ya kosa la mtumishi wake. Lakini Musa hakuingia katika ile nchi. Zaburi 106 inataja pia midomo yake, kwamba alisema bila kufikiri, na hapo ndipo neno linaponichoma mimi zaidi.

Ninyi mnaotaka kujiandikisha kwa mafunzo, msione haya kukaa na watoto darasani. Ila kabla ya kwenda, kaeni jioni moja na mtu anayewajua kweli, mume, mke, au mtoto mkubwa, wala si rafiki wa kuwasifu. Mwulizeni ni kitu gani kizuri mlicho nacho tayari mikononi, na ni tabia gani itakayoharibu kitambaa cha mtu. Mimi nilimwuliza mama watoto. Swali la kwanza alilifikiri kidogo. La pili alilijibu kabla sijalimaliza.

Jumatano baada ya maombi nitabaki kanisani kwa yeyote anayetaka kuzungumza juu ya jambo hili. Nitajitahidi kusikiliza.

Ndugu yenu katika Kristo,
Mchungaji