Mbwa na Fimbo

Wengi wetu tunaamini mbwa hujifunza kwa woga: asipokuja akiitwa, achapwe. Lakini mbwa aliyechapwa baada ya kurudi hajui kwamba kosa lake ni kuchelewa. Anachojua ni kwamba kukujia wewe kunauma. Kesho ukimwita atasimama mbali, mkia kaufyata, nawe utamwita mkaidi. Kumfundisha kukaa hakuhitaji nguvu. Weka kipande cha dagaa mbele ya pua yake, kisha kipandishe taratibu kuelekea kisogoni. Kichwa kikiinuka, makalio hushuka yenyewe. Yakigusa chini tu, mpe papo hapo. Ukichelewa kidogo atakuwa keshasimama, na utakuwa umemtuza kwa kusimama. Neno “kaa” lije baadaye, akishaelewa mchezo.

Wapo watakaosema mbwa wa ulinzi akibembelezwa hivyo atakuwa legelege. Hao watazame Morogoro, ambako shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Kazi hiyo ni nzito kuliko kulinda geti, na panya hufunzwa kwa mlio mdogo unaofuatwa na chakula, bila kiboko. Pingamizi la gharama ndilo lenye uzito, maana nyumba nyingi kitoweo hakiwatoshi hata watoto. Ila matonge ya ugali yenye ukubwa wa harage yanatosha kabisa, mradi somo lifanyike kabla mbwa hajala.