Haki ya Nafsi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad:

Ndugu Waislamu, wako wanaodhani kuwa kuuangalia mwili na kuupumzisha ni mambo ya wavivu, na kwamba mcha Mungu wa kweli ni yule asiyejihurumia. Nami nilikuwa na fikira hiyo.

Mwaka 1983, nikiwa kijana, nilitoka pwani nikaenda kusomesha watoto Kurani Sumbawanga, katika nyanda za juu za Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mji ule uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na baridi yake ya Juni na Julai si kama kipupwe chetu. Nikajipangia kusimama usiku theluthi nzima, kufunga kila Jumatatu na Alhamisi, na kusomesha mara tatu kwa siku. Watu wakanisifu, nami nikapenda kusifiwa.

Haikupita miezi mitatu. Nikawa nasinzia mbele ya wanafunzi, nikizinduka nazinduka na hasira. Siku moja nilimpiga mtoto kwa kosa la herufi moja, kumbe mtoto kasoma sawasawa. Mimi ndiye niliyesikia vibaya. Kisha ikaingia Ramadhani, ambayo mwaka ule iliangukia miezi hiyo ya baridi. Kifua kikanilaza, na siku nyingi nikala mchana. Kwa kuzidisha sunna, niliikosa faradhi kwa wakati wake.

Jirani yangu, mzee wa Kifipa, akaja kunitazama. Wafipa wana ukulima wao wa kale wa matuta, wayaitayo intumba. Mvua zikikaribia kwisha, hukusanya majani na kuyafukia kwa udongo ili yaoze, na juu yake hupanda maharage. Msimu ufuatao huyabomoa matuta yale, wakautandaza udongo ulioshiba, na kupanda ulezi au mahindi. Mzee akaniambia, "Shehe, ardhi nayo hula. Ukivuna tu usiilishe, itakukatalia."

Hapo nikakumbuka kisa kilichomo katika Sahihi ya Bukhari, nilichokuwa nikikisomesha nisikizingatie. Salman alimzuru nduguye Abu Dardaa, akamkuta amejitupa katika ibada hata mkewe kamsahau. Akamtaka ale naye, akamlaza usiku, na ulipofika mwisho wa usiku ndipo wakaamka wakasali pamoja. Akamfahamisha kuwa Mola ana haki, na nafsi ina haki, na watu wa nyumbani wana haki. Kila mmoja apewe yake. Mtume (S.A.W.) alipoambiwa, alimsadiki Salman.

Lakini tusichanganye haki ya nafsi na matamanio yake. Usingizi wa kutosha ni haki; kulala mpaka Alfajiri ikapita si haki. Mwenye kupumzika ili aamke kusali, na mwenye kupumzika ili asiamke, hawawi sawa.

Basi, ewe ndugu yangu, jipimie unaloliweza. Rakaa mbili za kila usiku ni bora kuliko ishirini za wiki moja kisha zikaachwa, kwani Mtume ametufunza kuwa amali ipendezayo kwa Mungu ni ile ya kudumu, japo ni chache.

Nilipopona, nililipa saumu zangu, na yule mtoto nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Deni la Mungu na deni la mtoto, yote mawili niliyapata kwa kuinyima nafsi haki yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie wastani katika mambo yetu. Amin.