Kosa la Nani, Aambiwe Nani?

Ukimtuma mtu kazi, na kazi ikamshinda, ana deni moja kwako: akuambie. Hilo halina ubishi hata kijiweni. Ubishi unaanza tukiuliza akuambie vipi, na kama katika huko kukuambia anaweza kukudhulumu bila kusema uongo hata neno moja. Ndugu msomaji, usicheke nikikwambia kwamba swali hili sikukutana nalo kwa wanafalsafa. Shule nimeishia kidato cha nne, falsafa ya darasani siijui. Nimekutana nalo kwenye kompyuta, kwa kaka mmoja wa mtaani anayenifundisha kuandika programu.

Kwanza tuelewane. Programu haiandikwi yote upya. Fundi huchukua vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine, hiki cha kufungua faili, kile cha kupeleka ujumbe, na mkusanyo wa vipande hivyo huitwa maktaba. Aliyeandika maktaba hajui nani ataitumia. Labda kijana anayetengeneza mchezo wa bao, labda hospitali. Sasa kikiharibika kitu huko ndani, maktaba ifanye nini? Ikiizima programu nzima, imejitwalia uamuzi usio wake. Ikiandika malalamiko kwenye kioo, huenda hakuna mtu mbele ya kioo. Ikinyamaza, imedanganya. Basi imebaki njia moja: imwarifu aliyeiita, aamue mwenyewe.

Wazee waliotengeneza Unix na lugha ya C pale Bell Labs, Marekani, walikuwa na njia nyepesi. Kisanduku kimoja, jina lake errno. Kazi ikishindikana, inaandikwa namba humo. Kwenye Unix, 2 maana yake faili halipo. 13 maana yake umekatazwa. Aliyeita anakwenda kuchungulia. Programu ilikuwa ikifanya jambo moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo kisanduku kimoja kilitosha, kama ubao mmoja wa matangazo unavyomtosha mtu anayekaa nyumba nzima peke yake.

Kisha zikaja nyuzi. Uzi ni mwendo mmoja wa kazi ndani ya programu, na programu ya siku hizi ina nyuzi nyingi zinazokwenda sambamba: huu unapokea ujumbe, ule unachora picha, mwingine unaweka kumbukumbu. Nyumba sasa ina wapangaji, ubao ni uleule. Angalia mambo yanavyoharibika. Uzi wa kwanza unaomba faili, halipo, inaandikwa 2. Kabla haujageuka kusoma, uzi wa pili nao umeomba faili jingine, umekatazwa, inaandikwa 13 juu ya ile 2. Uzi wa kwanza unasoma 13. Unaondoka ukiamini umenyimwa, kumbe kitu chenyewe hakikuwepo.

Hakuna aliyedanganya hapo. Namba zote mbili zilikuwa za kweli zilipoandikwa, na bado kuna aliyedanganywa. Sisi tunaotaka kuandika riwaya tunapenda adui awe na sura, ikiwezekana na kovu shavuni. Hapa adui hayupo, kuna ubao tu. Na mjini hapa kuna ndugu hawasemezani mwaka wa kumi kwa sababu ya 13 ambayo asili yake ilikuwa 2.

Kanuni za POSIX za mwaka 1995 zikaamua kila uzi uwe na errno yake. Jina moja, visanduku mbalimbali. Lugha ya C yenyewe ikaja kuliweka jambo hilo kwenye kanuni zake mwaka 2011. Tatizo likaisha? Wapi! Siku hizi uzi mmoja hupokea kazi ukaukabidhi uzi mwingine uimalizie. Kazi ikishindikana, kosa linabaki kwenye ubao wa aliyefanya. Aliyeomba anachungulia ubao wake, anakuta safi, au anakuta namba ya juzi, maana errno haifutwi eti kwa kuwa kazi ya leo imefanikiwa. Ndiyo maana mimi nasema kosa lisiwekwe mahali pa kuchungulia. Likabidhiwe mkononi, pamoja na jibu, kwa yuleyule aliyeomba, likiwa na maelezo yake: nini kilishindikana, na kilishindikana wakati wa kufanya nini. Kilichomo mkononi mwako hakuna mpangaji wa kukiandika juu.

Ukiona nakuza mambo, isikilize habari ya Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyotengenezwa na shirika la AECL la Kanada. Kati ya mwaka 1985 na 1987 iliwapiga wagonjwa sita, Marekani na Kanada, mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Ndani yake kazi kadhaa zilikwenda sambamba zikigawana visanduku bila utaratibu wa kupokezana. Mwezi Machi 1986, mjini Tyler, Texas, mwendeshaji alisahihisha maagizo haraka kwenye kioo. Sehemu moja ya programu ikapata sahihisho, nyingine haikupata. Mashine ikafyatua, kisha kioo kikaonyesha hitilafu namba 54. Kitabu alichokuwa nacho mwendeshaji hakikueleza 54 ni nini. Kioo hichohicho kilionyesha kwamba dozi iliyotoka ni ndogo kuliko iliyoagizwa. Mashine hiyo ilikuwa na tabia ya kulalamika kila mara, na kawaida ilikuwa kubonyeza P ili iendelee. Akabonyeza P. Mgonjwa akapigwa mara ya pili. Alifariki miezi kadhaa baadaye.

Je, mashine haikutoa taarifa? Ilitoa. Namba ilikuwepo kioo kizima kikiona. Lakini kumpa mtu 54 asiyojua maana yake, katikati ya kelele za kila siku, ni kama kumsomea mshtakiwa hukumu kwa lugha asiyoijua, halafu ukaandika kwenye jalada kwamba alisomewa. Mwendeshaji ndiye aliyekuwa na kidole, na hakuwa na chochote cha kuamulia. Ukisema kosa ni la kidole, sikubaliani nawe hata kidogo.

Kaka anayenifundisha ananipinga, na hoja yake ina uzito. Anasema kukabidhi kosa mkononi kila hatua kunaijaza programu maswali: umefungua, kuna kosa? Umesoma, kuna kosa? Umefunga, kuna kosa? Ni kweli. Go, lugha iliyotangazwa mwaka 2009, hurudisha kosa pamoja na jibu, na programu zake zimejaa mistari hiyo mpaka jicho linachoka. Kaka anasema programu ya kurasa mbili inakuwa ya kurasa nne.

Mimi nimemjibu: iwe ya kurasa nne.