Mkabidhini Mtoto Mbuzi na Nazi

Wamalayali wenzangu mlioko Dar es Salaam na Nairobi, mlioko Muscat, Dubai na Doha, mlioko London na Toronto, nisikilizeni! Watoto wetu tunawashibisha, lakini hatuwarithishi kitu. Kila mwaka mwezi wa Chingam ukiingia naliona jambo lilelile. Ukumbi umekodiwa, majani ya mgomba yametandazwa mezani, akina mama wamevaa sari nyeupe zenye pindo la dhahabu, akina baba wamefunga mundu zao. Watoto wanaitwa, wanaketi, wanapakuliwa, wanapigwa picha. Wanavunja papadi, wanaonja wali, wanamaliza payasam, na kabla mtu mzima hajafika kwenye sambar wao wameshatoka nje na simu zao. Kijana wa miaka kumi na mitano amekula sadya kila Onam tangu aote meno, na ukimuuliza olan hupikwaje anakukodolea macho. Halafu tunapanda jukwaani, tunapeana mashada, tunajisifu kwamba tumedumisha mila.

Tumedumisha mila gani? Tumedumisha kula.

Kwa jirani ambaye hajapata kualikwa, niseme kwa ufupi. Onam ni siku kumi za sikukuu katika jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India, mwezi Agosti au Septemba, katika mwezi wetu wa Chingam, kuanzia siku ya Atham hadi Thiruvonam. Tunamkumbuka mfalme Mahabali, ambaye enzi zake, wasemavyo wazee, hapakuwa na mwongo wala mwizi, na ambaye baada ya kushushwa kuzimu na Vamana aliruhusiwa kurudi mara moja kwa mwaka awaone watu wake. Akifika ni lazima akute nyumba imejaa. Ndiyo maana tunaandaa sadya, karamu ya mboga tupu, vitoweo ishirini na zaidi, juu ya jani la mgomba ambalo ncha yake nyembamba huelekea mkono wa kushoto wa mlaji. Wahenga wetu walisema mtu na auze hata shamba lake, mradi ale Onam. Wahindu huila, Wakristo huila, Waislamu huila. Hiyo ndiyo mali ninayoizungumzia.

Sasa nawauliza, mfalme akipiga hodi mwaka huu huko ghorofani kwako, atakuta nini? Atakuta maboksi! Vibakuli vya plastiki, kila kimoja na kifuniko chake, jani limekunjwa ndani ya mfuko, risiti imebandikwa juu. Simlaumu mpishi aliyeviuza. Anatafuta riziki, na pengine avial yake ni tamu kuliko yangu. Wala simlaumu muuguzi aliyetoka zamu ya usiku asubuhi ya Thiruvonam, maana huko ugenini siku hiyo ni siku ya kazi kama nyingine. Lakini mtoto wake alikuwa wapi? Amelala. Na baba wa mtoto? Yuko mlangoni, anasubiri maboksi.

Akina baba, hapa ndipo ninapowataka. Nani aliwadanganya kwamba jiko la sadya ni la wanawake? Nendeni kwenye harusi kubwa yoyote huko Kerala, nendeni mahekaluni, mtazame ni nani anayekoroga payasam katika masufuria makubwa ambayo mtoto anaweza kuogea. Ni wanaume, vifua wazi, mwiko mrefu mkononi. Na wale vijana wetu waliokwenda Ghuba miaka ya 1970, walipokuwa wakilala wengi chumba kimoja, nani aliwapikia? Walipika wenyewe kwa zamu, na barua ziliandikwa nyumbani kuuliza sambar inatiwa ukwaju kiasi gani. Wanaume wale leo ni mababu, na wajukuu wao wa kiume hawajui kupasua nazi. Nyumba inayomfundisha binti peke yake imeshapoteza nusu ya warithi wake. Mvulana aingie jikoni, na baba yake amtangulie.

Mkiniuliza tuanze na nini, nitawaambia olan. Wengi hukimbilia payasam kwa kuwa watoto wanapenda sukari, nami naona ni kukwepa kazi. Olan haina mahali pa kujificha. Ni boga jeupe, kunde nyekundu zilizokwisha kuchemshwa, pilipili mbichi chache zilizopasuliwa, tui, chumvi, majani ya kari, na mwishoni kijiko cha mafuta ya nazi yasiyopashwa moto. Haitiwi manjano wala haradali, haikaangwi. Basi mtoto aketi juu ya chirava ya bibi yake, ambayo mtu yeyote wa pwani ya Afrika Mashariki akiiona atasema, huyu si mbuzi wetu? Ndiye. Akune nazi mpaka mkono uchoke, ajifunze kugeuza kifuu kabla meno hayajafika kwenye ile ngozi ya kahawia inayochafua tui. Akamue kasimile aiweke kando. Atie maji akamue tena, apate tui jepesi, na boga liivie humo pamoja na kunde. Kasimile iingie mwisho kabisa, moto mdogo, isichemke.

Itachemka. Atazubaa kidogo tu na itachemka, tui likatike, maji huku na mafuta huku. Mwacheni! Msimnyang'anye mwiko. Mama anayeokoa kila sufuria hamfundishi mtu, anajiongezea sifa. Mtoto aliyeona tui likikatika mbele ya macho yake hahitaji kukumbushwa tena, na siku atakapopika payasam ya ada pradhaman, inayotaka tui la tatu, kisha la pili, kisha la kwanza, kila moja kwa wakati wake, mkono wake utajua wakati wa kuondoa moto.

Najua mtaniletea habari ya vipimo. Bibi anasema tia kiasi, mjukuu aliyesoma Toronto anauliza gramu ngapi, bibi anacheka, mjukuu ananuna, na somo linaishia hapo. Jambo hili limevunja nyumba nyingi na dawa yake ni ndogo sana. Weka bakuli juu ya mizani. Bibi achote kwa mkono wake kama alivyozoea miaka yote, ampe mjukuu asome mizani na kuandika. Hakuna aliyedhalilishwa. Vitabu navyo tunavyo. Annamma Mathew, ambaye wasomaji walimjua kama Mrs. K. M. Mathew, mhariri wa Vanitha, gazeti la wanawake lililoanza 1975, aliwaachia akina mama wa Kerala mapishi ya kutosha kabati zima. Vinunueni. Lakini kitabu kitakuambia ukaange tangawizi ya inji curry mpaka ibadilike rangi, na rangi ni nyingi. Ikiwa nyepesi mno inabaki mbichi na kali, ikipitiliza inakuwa chungu, na ukwaju na sukari guru haviwezi tena kuitengeneza. Ile saa yenyewe huijua pua, na pua hufundishwa na mtu aliyesimama kando yako. Wazee wetu wana hadithi kwamba inji curry peke yake ni sawa na vitoweo 108. Mtoto akiijua hiyo ana karamu nzima kiganjani.

Hatuna vifaa, mnasema. Nazi nzima hazipatikani! Basi nunueni ile iliyokunwa na kugandishwa, inauzwa kwenye maduka ya Waasia hata kwenye theluji. Majani ya mgomba nayo yapo, yamegandishwa. Mkari hukua ndani ya chungu dirishani ukiuepusha na baridi. Na kama Thiruvonam imeangukia Jumatano, pikeni Jumamosi; vyama vyetu huko nje husherehekea Onam hata mwezi Novemba, watu wakacheka, na mimi nasema wacheni wacheke. Tarehe inasogezwa. Nazi ya pakiti inasameheka. Sisamehe jiko ambalo mtoto haruhusiwi kuingia kwa sababu atachafua.

Mwacheni achafue. Na akimaliza kupika, apakue, maana kupakua ni nusu ya elimu na ndiyo nusu tunayoidharau. Anayepakua hulazimika kujua kwamba chipsi za upperi na achari hukaa kushoto, kwamba thoran na avial zina mahali pake, kwamba wali wa kwanza huliwa na parippu ya dengu na samli kabla ya sambar. Huko Aranmula, kando ya mto Pampa, wapiga makasia wa zile mashua ndefu huketi hekaluni kula valla sadya yenye vitoweo zaidi ya 60, na vingine hawaletewi mpaka waviombe kwa kuimba beti. Mtu hawezi kuimba asichokijua jina. Mtoto wako anaweza kutaja vitoweo vingapi pasipo kusoma menyu?

Wala mtu asidhani nazungumza na Wahindu peke yao. Wewe Mkristo wa Kottayam uliyehamia Uingereza, nani atakanda unga wa mchele na dengu za uzhunnu bila hamira jioni ya Alhamisi Kuu, aweke juu yake msalaba wa makuti ya Jumapili ya Matawi, baba aumege mkate na kuugawa kuanzia mkubwa hadi mdogo? Mkate ule hauuzwi dukani kwa maana yake. Hupikwa nyumbani au haupo. Na wewe Mwislamu wa Kozhikode au Thalassery, mwenye pathiri laini za mchele, mwenye biriani ya kaima na alisa ya ngano na nyama inayopondwa mpaka inavutika, usifikiri Ghuba itakutunzia kwa sababu tu harisi, ndugu ya alisa, inapatikana kila kona. Waulizeni Waswahili wa Zanzibar. Wao nao walipokea chakula hichohicho kutoka Arabuni, wakakiita boko boko, na kimedumu kwao kwa sababu watoto walipewa mwiko waponde.

Watoto wetu hawatakuwa Wakerala kama sisi, na sitaki kuwalaghai. Malayalam yao itakuwa ya kukatika, wengine hawataisema kabisa. Wataoa na kuolewa na watu ambao hawajapata kuona mto Periyar. Haya yote naweza kuyavumilia. Nisichoweza kuvumilia ni kijana wa miaka thelathini, siku ya Thiruvonam, katika mji ambao mama yake hayupo tena, anayetamani olan na kulazimika kuiagiza.

Onam ijayo, basi, mpeni kila mtoto kitoweo kimoja kiwe chake, kwa jina lake, na kikiharibika kiwekwe kwenye jani vilevile na kiliwe na wote. Mwaka wa pili akipike bila kushikwa mkono. Mwaka wa tatu amfundishe mdogo wake. Na wewe ambaye mama yako yuko hai huko Thrissur au Kollam, usingoje Chingam: mpigie leo jioni, umweke mjukuu wake mbele ya simu na kalamu mkononi, umwombe bibi aanze na nazi.