Sadaka ya Uso Uliopinda

Tangu chuoni tumefundishwa kwamba tabasamu mbele ya ndugu yako ni sadaka. Je, ambaye uso wake umegoma, sadaka hiyo anaitoaje?

Swali hili nimeletewa na mjomba wangu. Alipakia jasi kwenye malori hapa Makanya miaka mingi, na barabara nzima ilimjua kwa bashasha zake. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia wa ubongo. Kwa kuwa njia za fahamu huvuka, uso ukalegea kushoto, mdomo ukavutwa kulia.

Mimi ni tabibu mstaafu. Tukikaa kula makande namtazama kama mpwa, na kazi ya zamani nayo inatazama. Taya linatafuna vizuri, maana misuli yake hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Shavu ndilo lililolala: maharage yanajificha kati yake na ufizi, naye anayatoa kwa kidole bila kuona haya. Paji la uso linakunjika kama zamani, kwa sababu ileile ya taya. Yaani kiharusi kimemwachia kununa kuzima, kikamnyang'anya nusu ya tabasamu.

Na si kwamba uso ulipewa sehemu ndogo ya ubongo. Mwaka 1937, huko Montreal, madaktari Wilder Penfield na Edwin Boldrey walitoa ramani ya gamba la ubongo, baada ya kuligusa kwa umeme kwa wagonjwa waliokuwa macho. Midomo na ulimi vilionekana kumiliki eneo kubwa kuliko kiwiliwili.

Ukimwambia, "Mjomba, hebu tabasamu," kushoto hakusogei. Lakini mtani wake Mchaga akimchokoza kwa ubahili wa Wapare, pembe zote mbili za mdomo zinapanda. Kicheko kinachozuka chenyewe kina njia yake, na njia hiyo haikuguswa. Mgonjwa wa Parkinson huwa kinyume: akiagizwa aweza kutabasamu, ila furaha ya ghafla haimfiki usoni.

Sasa sadaka ni ipi? Wengi watachagua tabasamu la utani, kwamba ndilo limetoka moyoni. Mimi naliita neema: limemjia kama mvua, hakulikusudia. Sadaka huhitaji nia, na nia naiona mtoto wa jirani anapopita na kusema, "Shikamoo, babu." Mjomba anajibu "Marahaba" kwa shida, kisha anajilazimisha kutabasamu huku nusu ya uso ikikataa. Anatoa kilichobaki.

Utasema mtoto ameona mdomo uliopinda tu, akaogopa. Sadaka gani hiyo isiyomfikia mpokeaji? Nirudi chuoni, kwenye sura ya 80 ya Kurani, Abasa. Wafasiri wengi wanaeleza kuwa iliteremka Mtume alipokunja uso kwa Ibn Umm Maktum, aliyemjia wakati Mtume ana shughuli na wakubwa wa Makka. Ibn Umm Maktum alikuwa kipofu. Hakukuona kule kukunja uso, na bado kulitajwa. Ikiwa uso uliokunjwa mbele ya asiyeona una hesabu yake, tabasamu lililokusudiwa likashindwa kuonekana haliwezi kukosa yake.

Kwa hiyo mtu akikujia na uso usiosema kitu, usiseme ana kiburi. Huenda ameshatoa, ila hukuona.