Mgeni wa Siku ya Nne



Ndugu msomaji, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtume wetu (s.a.w.) naye alitufundisha kuwa ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Darasani tunalipokea fundisho hili bila tabu, kwa sababu mgeni tunayemfikiria ni msafiri: amekuja kwa hiari yake, ana kwao, na siku ya nne atafunga mzigo wake aage. Swali langu ni la mgeni mwingine, yule ambaye siku ya nne hana pa kwenda. Je, bado ni mgeni? Na anadaiwa nini na nyumba iliyompokea?

Swali hili sikulipata kitabuni. Nililipata Bukavu, mwaka 2021.

Wenzangu wa Kivu wanakumbuka. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei, mlima Nyiragongo ulipasuka, na moto wake ukateremka usiku ule hadi Buhene, pembeni ya mji wa Goma. Ulikula nyumba za watu kisha ukasimama. Tulidhani yamekwisha. Lakini ardhi iliendelea kutetemeka mchana na usiku, na alfajiri ya Alhamisi, tarehe 27, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba kata 10 za mji zihame mara moja, kwani ilihofiwa kuwa kuna moto chini ya mji wenyewe na chini ya ziwa. Wengine walishika njia ya Sake kwa miguu, wengine wakavuka mpaka kuingia Gisenyi. Mama, wadogo zangu watatu na mimi tulipata nafasi kwenye boti ya Bukavu, tukiwa na godoro moja, sufuria mbili na msahafu wa marehemu baba.

Bukavu hatuna ndugu wa damu. Mama alikuwa na rafiki tu, waliyesoma naye madrasa wakiwa wasichana, kisha akaolewa huko. Kwa miaka mingi walikuwa wakipigiana simu siku za Idi, basi. Alitupokea bandarini akilia, akatupeleka nyumbani kwake Kadutu. Nyumba ina vyumba viwili. Ana watoto wanne, na mumewe hupakua mizigo, siku nyingine anapata, siku nyingine hapati. Tukawa watu 11.

Siku tatu za kwanza tulikula bugali na sambaza, sombe, na nyama mara moja. Mama mdogo, ndivyo nilivyomwita, mchana hakuwa anakula pamoja nasi. Alisema amefunga sita za Shawwal, maana Idi ilikuwa imepita tarehe 13 Mei. Mama alimsifu, akasema rafiki yake hajabadilika.

Mimi ni mtu wa kuhesabu. Siku ya saba, mama mdogo bado alikuwa amefunga. Siku ya nane pia. Hapo nikaanza kumwangalia. Jioni alifuturu kwa chai ya rangi, na bugali iliyokuwa mbele yake alikuwa akiikata na kuisogeza kwenye sahani ya watoto, wake na wetu.

Nadhani kila mwanafunzi wa dini anaijua habari ya yule Answari aliyempeleka nyumbani mgeni wa Mtume (s.a.w.), naye hana chakula ila cha watoto wake. Watoto wakalazwa, mkewe akazima taa, na wote wawili wakajifanya wanakula gizani ili mgeni ashibe. Tunaambiwa kwamba Mwenyezi Mungu alipendezwa na kitendo chao, na habari hii inatajwa pamoja na aya ya 9 ya Suratul Hashr, inayowasifu wale wanaowatanguliza wengine ingawa wao wenyewe wana uhitaji. Nimesikia mawaidha mengi juu ya mwenyeji huyu. Juu ya mgeni sijasikia hata moja. Mgeni yule ana udhuru wake: taa ilizimwa, hakuona. Mimi nilikuwa nimeona.

Nikanyamaza siku mbili. Nataka kuliandika hili wazi kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nilijua kuwa nikimwambia mama atatufungisha mizigo siku ileile, na Goma bado kulikuwa kumefungwa. Niliwatazama wadogo zangu wakila, nami nikala. Nilijiambia kwamba mama mdogo anapata thawabu, na si haki yangu kumzuilia. Angalia, ndugu yangu, jinsi mtu mwenye njaa anavyoweza kuigeuza elimu yake ya dini ikawa kijiko.

Kilichonikatisha ni sehemu ya pili ya ile hadithi ya siku tatu, kama ilivyo katika Sahihi Muslim. Humo imekatazwa mtu kukaa kwa ndugu yake mpaka amtie dhambini. Masahaba wakauliza atamtiaje, wakajibiwa kuwa ni kukaa kwake hali mwenyeji hana cha kumpa. Wanachuoni wanaeleza kwamba mwenyeji aliyebanwa huenda akafika kumsengenya mgeni au kumdhania vibaya. Mimi niliogopa jingine. Hadi leo sijui kama mama mdogo alikuwa amenuia saumu kweli siku zote zile. Kama hakunuia, basi ni sisi tuliomfikisha mahali pa kusema uongo nyumbani kwake mwenyewe.

Nikamwambia mama baada ya swala ya Isha. Hakusema neno. Asubuhi alichukua pesa kidogo iliyokuwa imefungwa kwenye ncha ya kitenge chake, akanunua unga wa ngano, mafuta na makaa, akawasha mbabula mbele ya mlango na kuanza kukaanga mandazi ya kuuza. Ndiyo kazi yake hata Goma.

Mama mdogo alipoona alikasirika sana. “Unaniaibisha, ndugu yangu. Majirani watasema nimemweka mgeni kazini.”

Mama akamjibu, “Leo ni siku ya kumi, na wewe bado unafunga sita. Mimi na wewe nani amemwaibisha mwenzake?”

Hawakusemezana mpaka Adhuhuri. Kisha mama mdogo alitoka na sinia, akapanga mandazi, akayapeleka kwa majirani walewale aliowaogopa. Mchana ule alikula pamoja nasi. Tulikaa siku 16 kwa jumla. Serikali iliporuhusu watu kurudi mwezi Juni, tuliondoka, na mbabula ile mama mdogo aliendelea nayo.

Tangu hapo nimemwelewa vizuri zaidi Abdurrahman bin Awf (r.a.). Alifika Madina mikono mitupu, na ndugu yake Saad bin Rabii akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akauliza soko liko wapi. Zamani nilidhani ni habari ya mtu anayejitegemea. Sasa naona kuwa ni habari ya mgeni aliyeangalia usoni mwa mwenyeji wake, akaona ukarimu huo utamgharimu nini.

Mtu ataniuliza: na asiyeweza kukaanga mandazi? Mgonjwa, mzee, mtoto? Huyo asihesabu siku. Kinachozidi siku tatu kimeitwa sadaka, na sadaka haina aibu kwa aliyeihitaji kweli. Lakini hata yeye anao ulimi wa kuuliza, “Ninyi mmekula?” na macho ya kutoridhika na jibu la kwanza.

Hivyo jibu langu ni hili. Aliyekimbia janga akapita siku ya tatu si mgeni tena, ni mtu wa nyumba. Mtu wa nyumba hula kilichopo, na pia hujua kilichopo na kisichokuwepo. Sioni dhambi katika kukaa kwetu Bukavu. Naiona katika zile siku mbili nilizokaa kimya, na kwa hizo ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha, na mama mdogo pia, kama gazeti hili litamfikia.

Wengi wetu hapa chuoni tunalala kwa watu: kwa mjomba, kwa rafiki wa baba, kwa mwenzetu aliyepanga chumba mjini. Jioni ya leo ukiambiwa “sisi tumeshakula”, ingia jikoni ukaangalie sufuria.

Wabillahi tawfiq.