Amana ya Aliyelala

Busha halimtoi mtu roho, lakini humtoa barazani. Katika bonde la Rufiji, kuanzia Umwe pale Ikwiriri hadi vijiji vya delta upande wa Kibiti, wapo wanaume walioishi nalo miaka na miaka wakijificha ndani ya msuli mpana, wakiacha shamba, wakiacha hata kusimama safu ya mbele msikitini kwa kuchelea macho ya watu. Mbu ndiye anayesambaza vimelea vya matende na mabusha, na tangu mwaka 2000 serikali imekuwa ikigawa dawa za kumeza ili kukata maambukizi. Ila busha lililokwisha kujaa maji halirudishwi na vidonge. Hilo ni la kisu.

Hapo linazuka swali lisilo la kitabibu. Mtu aliyeuficha mwili wake kwa muda wote huo sasa anatakiwa alale chali mbele ya watu asiowajua, na mmoja wao pengine ni binti wa rika la mwanawe. Akipewa nusukaputi, hatajua nani aliingia, nani alitoka, wala nini kilisemwa juu yake. Hata akichomwa ganzi ya mgongo, ambayo mara nyingi hutosha kwa upasuaji huu, haoni kinachofanyika ng'ambo ya pazia. Je, mtu asiyejua anavyotendewa anamdai nini anayemtendea? Na akivunjiwa heshima asijue mpaka anaingia kaburini, amedhulumiwa?

Watu wa pwani walikwisha kulijibu swali hili mahali pengine kabisa: kwenye kuosha maiti. Mwoshaji hufunika kitambaa kuanzia kitovuni hadi magotini, akapitisha mkono chini yake, na alichokiona cha aibu hakitoki naye nje. Maiti hashukuru wala hashtaki, na hakuna atakayemuuliza mwoshaji alifanyaje mle ndani. Hata hivyo hakuna sheikh atakayesema kwamba stara ile haina maana kwa kuwa mwenye mwili hana habari. Haki ya kusitiriwa haikuwekwa juu ya kujua kwa mwenye haki. Ikiwa ni hivyo kwa aliyekufa, kwa aliyelala saa mbili tu ni zaidi, maana huyu ataamka na kurudi barazani kwake.

Muuguzi ndiye anayeibeba amana hiyo ya stara kwa muda mrefu kuliko yeyote. Daktari hufika, akapasua, akashona, akaenda kwa mwingine. Muuguzi alianza jana yake: kuhakikisha mgonjwa ameielewa fomu ya ridhaa kabla ya kuweka dole gumba, kumwuliza kama ana mzio wa dawa, kumweleza asile chakula kwa angalau saa sita. Mfungo huu unahitaji maelezo ya subira, kwa sababu mgonjwa anaujua mfungo mwingine, wa Ramadhani. Kula daku hakufai hapa. Kinachokwepwa ni chakula kupanda kutoka tumboni na kuingia mapafuni wakati mtu hana nguvu ya kukohoa. Mgonjwa akielewa hivyo, hatapokea uji wa kificho kutoka kwa ndugu mwenye huruma.

Ndani ya chumba cha upasuaji kazi ya uuguzi huwa ndogondogo, na yule inayemfaa haioni. Aliyepewa nusukaputi hubandikwa kope kwa plasta laini, kwa kuwa jicho lisilofumba vizuri hukauka likachubuka. Mkono wake haunyooshwi kupita kiasi, usije ukaamka umekufa ganzi kwa mshipa wa fahamu uliovutwa. Kisha kuna kuhesabu. Kabla ya kupasua, wauguzi wawili huhesabu kwa sauti gozi za kufyonza damu, sindano na koleo, moja moja, na idadi ikaandikwa. Kabla ya kufunga kidonda, wanahesabu tena. Ikipungua gozi moja, hakuna kushona: watatazama chini ya meza, kwenye ndoo, ndani ya kidonda chenyewe.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilikusanya mambo kama haya, 19 kwa jumla, kwenye karatasi moja ya kusomwa kwa sauti kabla ya usingizi, kabla ya kisu na kabla ya mgonjwa kutoka. Karatasi hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, kwenye bonde la Kilombero ambalo maji yake hushuka yakawa Rufiji. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka 11 hadi 7.

Tarakimu hizi zinapaswa kumsumbua kila muumini. Mgonjwa akifia mezani, kauli iliyo karibu na ulimi ni kwamba ni kudra ya Mungu. Huenda. Lakini kama kuuliza na kuhesabu kunapunguza vifo karibu nusu, basi baadhi ya tulivyoviita kudra vilikuwa uzembe, na kumsingizia Mungu uzembe wetu ni jambo zito kwa dini yoyote inayohubiriwa Rufiji.

Kuna upande wa pili. Jimbo la Ontario, Kanada, liliiamuru karatasi ileile katika hospitali zake, na utafiti wa hospitali 101 uliotoka mwaka 2014 haukuona vifo vikipungua kwa kiasi cha kutajika. Wataalamu walibishana kwa nini, na wengi wakasema vema zilitiwa bila watu kusimama na kuulizana kweli. Mwanafunzi wa madrasa angeelewa upesi: tendo lisilo na nia ni viungo tu vinavyotikisika.

Baada ya kisu, miguu bado mizito kwa ganzi, mzee huuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, na swala yangu?" Muuguzi anayejua kazi yake ana jibu: "Swali hapohapo ulipolala, baba. Maji yasiguse kidonda, tayamamu inatosha." Halafu anapima presha, anatazama kama bandeji imelowa damu, anamfunika vizuri shuka. Mkristo naye huenda akataka padri aje kumpaka mafuta, na anayemwitia padri ni huyuhuyu.

Nia hata hivyo haihesabu gozi peke yake. Miaka ya karibuni vituo vya afya kadhaa nchini vimepewa vyumba vya upasuaji, na mama anayetolewa Maparoni, deltani, kwa boti, akisubiri maji yajae ndipo asafiri, anaweza kufika usiku wa manane akihitaji kupasuliwa. Kuhesabu kunataka watu wawili. Zamu ikiwa na muuguzi mmoja, hata awe mcha Mungu kiasi gani, atahesabu na nani? Deni hilo ni la halmashauri inayopanga ikama, na waumini wanaochangia mabati ya misikiti na makanisa wanaweza kuuliza kwenye mkutano wa kijiji, kwa sauti na bila kuomba radhi, usiku kuna wauguzi wangapi.